Tovuti Inafunguka Lakini Google Haiioni: Namna ya Kuitafuta Hitilafu

Mtu anayetafuta boti ya kwenda Gombe, chumba cha kulala Ujiji au dagaa wakavu wa kununua kwa jumla, mara nyingi huanza kwa kuandika maneno machache kwenye simu kabla hajampigia mtu yeyote. Mwenye biashara wa Kigoma ambaye tovuti yake haitokei katika hatua hiyo anapoteza wateja ambao hatawajua kamwe, kwa sababu mteja aliyekukosa kwenye Google hakupigii simu kukueleza kwamba amekukosa. Nimekuwa nikitengeneza na kukarabati tovuti za watu wa mji huu na wa wilaya jirani, na kazi inayonijia mara nyingi kuliko zote ni ya namna moja: tovuti ipo, inafunguka, gharama zake zimelipwa, lakini haimo kwenye matokeo ya utafutaji.

Ili kuitafuta hitilafu kwa utaratibu, inabidi kujua safari ya ukurasa. Roboti wa Google, anayeitwa Googlebot, huomba ukurasa kutoka kwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti; akijibiwa, huusoma, akimaliza kuusoma, mfumo huamua kama uwekwe kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambazo Google imezihifadhi, na uwekwe kwa anwani ipi, na mtu anapotafuta, kinachopekuliwa ni faharasa hiyo. Hitilafu ya hatua ya kwanza huzifunika zote zinazofuata, na kwa hiyo hakuna faida ya kupamba vichwa vya kurasa ambazo roboti hajafanikiwa hata kuzifungua. Mimi hufuata njia ile ile anayopita roboti, tangu mlangoni hadi ndani, wala sirukii hatua ya tatu kwa sababu tu ndiyo niliyoizoea.

Utaratibu huu nilijifunza kwa gharama. Ofisi moja inayopanga safari za boti kutoka Kibirizi kwenda Hifadhi ya Taifa ya Gombe ilinipa tovuti yake ambayo ilikuwa imetoweka kwenye matokeo. Niliifungua nikiwa Mwanga, ikafunguka. Nikamwomba ndugu aliyeko Kasulu aifungue, ikafunguka. Mwenye ofisi naye alikuwa akiifungua kila asubuhi. Nikaamini kwamba mlango uko salama, nikatumia karibu wiki nzima kupunguza uzito wa picha na kuandika upya maelezo ya kurasa. Hakuna kilichobadilika. Siku nilipofanya jaribio kupitia Google yenyewe ndipo nilipoona kwamba roboti hakuwa akipata jibu lolote. Kampuni iliyokuwa ikiihifadhi tovuti ilikuwa imeweka ukuta wa usalama unaokataa maombi yote yanayotoka nje ya Afrika Mashariki, baada ya seva zake kusumbuliwa na wavamizi, na haikuwa imewaarifu wateja wake. Googlebot hutembelea tovuti hasa kwa kutumia anwani za mtandao za Marekani. Kilichoniuma zaidi ni kwamba watalii wenyewe, wengi wao wakiwa Ulaya na Marekani, nao hawakuwa wakiweza kuifungua, na katika muda wote huo hakuna aliyeandika kulalamika.

Tangu siku hiyo sichukui kivinjari changu kuwa ushahidi. Kivinjari kinaonyesha yale ambayo seva inamjibu mtu wa Kigoma mwenye simu hii na laini hii, tena wakati mwingine kinaonyesha nakala iliyohifadhiwa jana. Swali la kuuliza ni seva imemjibu nini roboti, na swali hilo lina zana zake.

Kuandaa zana

Zana ya kwanza ni Google Search Console, ambayo hailipiwi. Unapoisajili tovuti yako humo, chagua usajili wa kikoa kizima, yaani jina lote la tovuti, badala ya anwani moja, ili upate taarifa za anwani zote, yenye www na isiyo na www, yenye http na yenye https. Uthibitisho wake hufanywa kwa kuweka rekodi ya TXT, ambayo ni mstari wa maandishi, kwenye mipangilio ya DNS, mfumo unaounganisha jina la tovuti na seva yake, kazi ambayo mtu aliyekuuzia kikoa anaweza kukufanyia kwa dakika chache. Sajili mapema, hata kama tovuti haina tatizo, kwa maana mfumo huo huhifadhi takwimu za utafutaji za miezi 16, na siku tatizo litakapotokea utahitaji kujua hali ilikuwaje kabla yake.

Zana ya pili ni amri ya curl, ambayo huonyesha jibu la seva lenyewe, na imo tayari kwenye matoleo mengi ya Linux, kwenye macOS na kwenye matoleo ya karibuni ya Windows. Fungua dirisha la amri uandike hivi, ukiweka anwani yako:

curl -I https://anwani-ya-tovuti-yako

Ukitumia PowerShell ya Windows, andika curl.exe badala ya curl. Jibu litakuwa mistari michache inayofanana na hii:

HTTP/2 200
content-type: text/html; charset=UTF-8
x-robots-tag: noindex

Mistari hii mitatu inastahili kusomwa polepole. Namba 200 inasema kwamba ukurasa umepatikana. Mstari wa pili unasema ni ukurasa wa kawaida. Mstari wa tatu unawaambia roboti wote wasiuweke ukurasa huo kwenye faharasa, na agizo hilo halionekani popote kwenye ukurasa wenyewe, hata ukifungua msimbo wake wote na kuusoma herufi kwa herufi, kwa sababu limo kwenye kichwa cha jibu la seva. Nimewahi kuona tovuti iliyokaa miezi na mstari huo, ulioachwa na fundi aliyekuwa akiijaribu kabla ya kuifungua rasmi.

Kama roboti anafika

Anza ndani ya Search Console kwa zana ya ukaguzi wa anwani. Bandika anwani ya ukurasa mmoja muhimu, usome hali yake kwenye faharasa, kisha ubonyeze jaribio la papo hapo, ambalo humtuma roboti kwenye tovuti yako wakati huo huo. Tofauti kati ya taarifa hizo mbili ina maana kubwa: ya kwanza inaeleza alichokutana nacho roboti alipopita mara ya mwisho, na ya pili inaeleza anachokutana nacho sasa. Watu wengi husoma ya kwanza, wakaona kosa ambalo walikwisha kulirekebisha, wakaanza kurekebisha tena kitu kilicho kizima.

Jaribio likishindwa kuifikia seva wakati kwako inafunguka, shuku ukuta wa usalama. Unaweza kuigiza jina la roboti kwa kuandika curl -A "Googlebot" -I mbele ya anwani; ukipata 403, yaani umekataliwa, wakati curl ya kawaida inapata 200, huenda kuna kanuni inayozuia jina hilo. Lakini kupata 200 hapo hakutoshi kukutuliza, kwa sababu ukuta unaozuia kwa nchi au kwa anwani za mtandao hautaonekana kwa jaribio linalotoka Kigoma. Unapoiandikia kampuni ya uhifadhi, waambie wazi kwamba Googlebot wa kweli anaweza kuthibitishwa kwa kugeuza anwani yake ya mtandao kuwa jina la seva, ambalo huishia na googlebot.com au google.com, kisha kuligeuza jina hilo lirudi kwenye anwani ile ile. Fundi wa seva mwenye uzoefu ataelewa sentensi hiyo, nawe utakuwa umemnyima sababu ya kukujibu kwamba hawezi kuwatofautisha roboti wa kweli na wavamizi.

Angalia pia kama seva inajibu kwa namba za 500 na kuendelea, ambazo ni za makosa ya seva yenyewe. Seva ikielemewa kwa saa chache na kujibu 503, roboti hupunguza mwendo na kurudi baadaye; ikiendelea hivyo kwa siku nyingi, kurasa huanza kuondolewa. Muda wa kikoa na wa cheti cha usalama nao ukaguliwe, hasa kwa wanaotumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo kwa kawaida hudumu siku 90 na hutegemea programu ya kuvihuisha ambayo inaweza kusimama bila mtu kujua.

Kama ameruhusiwa

Faili la robots.txt hukaa kwenye mzizi wa tovuti na husomwa na roboti kabla ya kurasa nyingine. Utaratibu wake ulibuniwa mwaka 1994, na mwaka 2022 ukaandikwa rasmi kuwa kiwango cha mtandao. Ukifungua faili hilo ukakuta maneno haya, umepata chanzo cha tatizo:

User-agent: *
Disallow: /

Mkwaju ule mmoja mwishoni unazuia tovuti nzima. Ukiondolewa na mstari ukabaki mtupu baada ya nukta mbili, maana yake inageuka, na kila kitu kinaruhusiwa. Kukosekana kabisa kwa faili hilo hakuna madhara, kwa kuwa jibu la 404, yaani haipatikani, huchukuliwa kuwa ruhusa. Lakini seva ikijibu kosa la 500 kwa robots.txt, Google mwanzoni huacha kuitembelea tovuti nzima, kwa tahadhari. Kumbuka vilevile kwamba herufi kubwa na ndogo zinatofautishwa kwenye njia za anwani, na kwamba Google hutunza nakala ya faili hilo kwa muda unaoweza kufika saa 24, kwa hiyo usitegemee kuona badiliko dakika hiyo hiyo.

Kwa wanaotumia WordPress, programu ya kujengea tovuti, kuna kisanduku ambacho kimeshaniletea kazi nyingi. Kipo kwenye mipangilio ya kusoma, na kinaziomba injini za utafutaji zisiiweke tovuti kwenye faharasa. Fundi hukiweka alama anapojenga, ili kazi isiyokamilika isionekane, kisha siku ya kukabidhi husahau kuiondoa. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, kisanduku hicho hufanya kazi kwa kuandika lebo ya noindex ndani ya kila ukurasa, si kwa kubadilisha robots.txt, na ndiyo maana anayekagua robots.txt peke yake huona mambo safi na kuondoka. Fungua msimbo wa ukurasa wa mwanzo na utafute neno noindex. Kazi hiyo haizidi nusu dakika, nami huifanya kabla ya kuzungumza na mteja kuhusu bei.

Kuna kosa moja hapa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Mtu anataka ukurasa fulani utoke Google, kwa hiyo anauwekea noindex, halafu kwa kuongeza uhakika anauzuia pia kwenye robots.txt. Kwa kufanya hivyo amemzuia roboti asiusome ukurasa, na asipousoma hataiona noindex, kwa hiyo anwani inaweza kuendelea kuonekana kwenye matokeo bila maelezo yoyote. Ukitaka ukurasa uondoke, mruhusu roboti auingie akute agizo. Na wale wanaoandika noindex ndani ya robots.txt wanapaswa kujua kwamba Google iliacha kuitambua huko tangu tarehe 1 Septemba 2019.

Anwani moja kwa kila ukurasa

Sehemu hii ndiyo yenye matatizo mengi zaidi kwenye maduka ya mtandaoni. Chukulia duka linalouza dagaa wa Kigoma. Ukurasa wa dagaa unafunguka kwa http na kwa https, kwa www na bila www, na hapo tayari kuna anwani nne za kitu kimoja. Ongeza kichujio cha robo kilo, nusu kilo na kilo nzima, na kitufe cha kupanga bidhaa kwa bei, ambavyo kila kimoja kinaongeza alama ya kuuliza na maneno yake mwishoni mwa anwani. Bidhaa kumi zinaweza kuzaa mamia ya anwani, na roboti akaumaliza muda wake akisoma ukurasa ule ule kwa majina tofauti, huku mchele na mawese mapya yakisubiri zamu.

Kwa zile anwani nne, chagua moja na uzielekeze tatu nyingine kwake kwa 301, ambayo ni alama ya uhamisho wa kudumu. 302 ni ya muda. Elekeza kwa hatua moja. Nimekuta tovuti ambamo http ilipeleka kwenye https, ikapeleka kwenye www, ikapeleka kwenye anwani yenye mkwaju mwishoni; Googlebot hufuata hadi hatua 10, lakini mteja mwenye mtandao hafifu huhesabu kila hatua kwa sekunde. Kwa vichujio, tumia lebo ya canonical inayotaja anwani kuu ya bidhaa.

Lebo hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2009, ni dokezo na Google inaweza kulikataa. Ukitaka likubaliwe, ishara zote zikubaliane: viungo vya ndani ya tovuti, ramani ya tovuti, uelekezaji na canonical yenyewe viitaje anwani ile ile. Zana ya ukaguzi wa anwani hukuonyesha anwani uliyoitangaza wewe na ile iliyochaguliwa na Google, na zikitofautiana, tafuta ishara inayopinga. Mara kadhaa nimekuta canonical ya kurasa zote ikitaja ukurasa wa mwanzo, kwa sababu aliyetengeneza mandhari ya tovuti aliandika anwani moja kwa mkono. Tovuti ya namna hiyo inaiambia Google kwamba kurasa zake zote ni nakala za ukurasa mmoja, na matokeo yake ni kwamba kurasa za ndani hutoweka huku ule wa mwanzo ukibaki.

Tovuti za lugha mbili zinahitaji uangalifu wa peke yake, na hapa Kigoma ni nyingi kwa sababu ya utalii. Lebo ya hreflang hueleza kwamba ukurasa huu ni wa Kiswahili na mwenzake ni wa Kiingereza, na kila ukurasa lazima umtaje mwenzake, la sivyo lebo hupuuzwa. Alama ya Kiswahili ni sw. Nimekuta watu wakiandika tz, ambayo ni alama ya nchi, na wengine ki, ambayo kimataifa ni alama ya Kikikuyu. Ukitaka kutaja Kiswahili cha Tanzania, andika sw-TZ. Na tafadhali usiwahamishe wageni kwa lazima kulingana na nchi yao. Nyumba moja ya wageni ilikuwa ikimpeleka kila mtu wa nje kwenye kurasa za Kiingereza, na kwa kuwa roboti huja hasa kwa anwani za Marekani, kurasa zake za Kiswahili hazikuwahi kusomwa hata mara moja. Tuliweka kiungo cha kuchagua lugha juu ya ukurasa, tukaondoa uhamisho wa lazima.

Ramani ya tovuti na kurasa yatima

Ramani ya tovuti ni faili la XML linaloorodhesha anwani zako, lisilozidi anwani 50,000 au megabaiti 50 kabla ya kubanwa. WordPress huitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Orodhesha humo anwani zinazojibu 200 na zinazostahili kuonekana tu, na tarehe ya badiliko iwe ya kweli, kwani Google huitumia ikiwa imethibitika kuwa ya kuaminika na huzipuuza sehemu za kipaumbele na za marudio ya mabadiliko.

Ramani, hata hivyo, haiwezi kuchukua nafasi ya viungo. Ukurasa usiofikiwa kwa kiungo chochote kutoka kurasa nyingine ni yatima, na mara nyingi ndio utakaouona kwenye taarifa ya kurasa ya Search Console ukiwa umegunduliwa lakini haujatembelewa. Usiichanganye hali hiyo na ya ukurasa uliotembelewa lakini haukuwekwa kwenye faharasa. Katika hali ya pili roboti ameingia, amesoma, na mfumo haukuona sababu ya kuuhifadhi. Wateja hawapendi kusikia hili, lakini mara nyingi hapo hakuna hitilafu ya kiufundi. Kuna ukurasa wenye mistari mitatu iliyonakiliwa kutoka tovuti nyingine, na tiba yake ni kuandika jambo ambalo msomaji hatalipata kwingine, kama vile boti zinaondoka Kibirizi saa ngapi na abiria ajiandae vipi.

Kama anachokiona kinasomeka

Tovuti zinazojengwa kwa JavaScript, lugha ya programu inayotekelezwa ndani ya kivinjari, humpelekea roboti ganda tupu ambalo linajazwa baadaye. Googlebot anaweza kuitekeleza JavaScript, lakini habonyezi vitufe, kwa hiyo maandishi yanayoletwa kutoka kwenye seva baada ya kubonyeza hatayapata, na kiungo kisicho na lebo ya a yenye href hatakifuata. Fungua tena jaribio la papo hapo, utazame msimbo uliokamilika, kisha utafute humo sentensi moja unayoijua kutoka katikati ya ukurasa. Isipokuwemo, umepata mahali pa kuanzia. Mara nyingine chanzo ni robots.txt inayozuia folda ya JavaScript au ya CSS, inayopanga mwonekano.

Kumbuka pia kwamba Google husoma toleo la simu. Fundi akificha maelezo kwa kuyaondoa kabisa kwenye toleo la simu ili kuokoa nafasi, ameyaondoa pia kwenye faharasa.

Kurasa zilizokufa zijibu 404 au 410. Ukurasa unaoandika kwamba bidhaa haipo huku seva ikijibu 200 humchanganya roboti. Ukihamisha tovuti kwenda kikoa kipya, elekeza kila anwani ya zamani kwenye mwenzake mpya, moja kwa moja, na uelekezaji udumu angalau mwaka mmoja. Kuzimwaga zote kwenye ukurasa wa mwanzo ni sawa na kuzifuta.

Kasi

Kasi haitairudisha tovuti iliyozuiwa, na ndiyo sababu nimeiweka mbali na mwanzo. Vipimo vinavyotumiwa na Google ni vitatu: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na kusogea kwa vitu visivyotarajiwa kusizidi 0.1, vyote vikipimwa ili angalau asilimia 75 ya matembeleo yawe mazuri. Kipimo cha kuitikia mguso kiliingia Machi 2024. Kwa tovuti zetu, kosa ni lile lile karibu kila mara: picha ya machweo ya Ziwa Tanganyika iliyopigwa kwa simu na kupandishwa ilivyo, yenye megabaiti nne au tano. Ipunguze upana ulingane na skrini, ibane kwa WebP, muundo wa picha nyepesi, andika vipimo vyake kwenye msimbo ili maandishi yasiruke inapofika, na ile picha kuu ya juu usiiwekee agizo la kupakiwa kwa kuchelewa. Tovuti yenye wageni wachache huenda isiwe na takwimu za watumiaji halisi. Tumia PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi, ukijua kwamba hicho ni kipimo cha maabara.

Kama tovuti imevamiwa

Andika site: ukifuatisha jina la kikoa chako kwenye Google. Ukiona kurasa za kamari, za dawa au za Kijapani ambazo hukuziandika, tovuti imeingiliwa, hata kama wewe ukizifungua unaona ukurasa wa kosa, kwa kuwa wavamizi huwaonyesha roboti kitu kimoja na mwenye tovuti kitu kingine. Thibitisha kwa jaribio la papo hapo. Kisha kagua watumiaji wa WordPress, na kagua wamiliki walioandikishwa kwenye Search Console, maana mvamizi hujiandikisha humo. Badilisha nywila zote, sasisha programu, na uondoe mandhari na plagini (programu za ziada) za wizi zinazogawiwa bure, ambazo ndizo mlango nilioukuta wazi mara nyingi zaidi. Kufuta kurasa za uongo bila kuuziba mlango ni kujipa kazi ya kila wiki.

Baada ya kurekebisha

Badilisha jambo moja, uandike tarehe na ulichobadilisha, kisha usubiri. Ombi la kuwekwa kwenye faharasa lina kikomo cha kila siku, na kulirudia kwa ukurasa ule ule hakuuharakishi. Kwa kurasa nyingi, wasilisha ramani ya tovuti ndani ya Search Console. Kutembelewa upya kunaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa. Mteja ambaye hajaelezwa hili mapema atampa kazi fundi mwingine katikati ya kusubiri, huyo naye atabadilisha mambo matano kwa mpigo, na hakuna atakayejua lipi lilisaidia.

Kwa ile ofisi ya boti, ukuta ulipofunguliwa, jaribio la papo hapo lilipita siku hiyo hiyo, nikawasilisha ramani, sikugusa kitu kingine. Kurasa zilirudi moja moja, ule wa mwanzo kwanza. Sasa, kila mwanzo wa mwezi, mwenye ofisi hufanya jaribio hilo yeye mwenyewe kwa kurasa tatu: ya mwanzo, ya ratiba na ya bei, na kunitumia picha ya skrini kwa WhatsApp.